Nani hasa aliyemchonga Lincoln?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Bronx, New York, mtaa wa Mott Haven, mwaka wa sita sasa. Jirani yangu, mzee wa Kiitaliano, huapa kwamba ile sanamu kubwa ya rais Lincoln iliyoko Washington ilichongwa hapahapa kwetu, East 142nd Street, na ndugu wa ukoo mmoja. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu Washington. Kiongozi wa ziara akasema mchongaji ni Daniel Chester French, wala Bronx hakuitaja. Mwanangu mkubwa akaniuliza, "Mama, sasa nani muongo?" Sikuwa na jibu. Na kama French hakushika tindo, mbona jina ni lake?

Jibu: Marahaba, mama. Mwambie mwanao hapo hakuna muongo. Sanamu ni ya French, na mikono iliyoitoa kwenye jiwe, kwa sehemu kubwa sana, ni ya ndugu Piccirilli wa East 142nd Street. Kiongozi wa ziara alikata hadithi katikati tu.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe. Tukisikia "mchongaji" tunamwona mtu mmoja na jiwe moja, nyundo mkononi, vumbi hadi kwenye kope. Kwa sanamu za barabarani na viwanjani za Marekani, hasa zile za miaka ya 1860 hadi 1940, mtu huyo ni nadra kumkuta. Mwenye jina kwa kawaida alikuwa mfinyanzi. Kazi yake ilikuwa udongo.

French naye alianza na udongo, kielelezo kidogo cha kukaa mezani. Kikimridhisha anafinyanga kikubwa zaidi juu ya kiunzi cha chuma na mbao, anakifunika kila jioni kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili kisipasuke, na asubuhi anaendelea. Umbo likikamilika linapigiwa kalibu ya plasta, ileile wanayofungia mguu uliovunjika hospitalini. Kalibu ikishika inafunguliwa, udongo unang'olewa na kurudishwa pipani, na plasta mpya inamiminwa ndani. Kinachotoka ni Lincoln mweupe, mkavu, anayevunjika ukimgonga, lakini kila mkunjo wa koti upo mahali pake. Huyo ndiye anayepelekwa kwa mafundi wa mawe.

Mafundi wa mawe hawakisii. Wana chombo cha fito za shaba, umbo lake kama msalaba, kinachoegemezwa kwenye plasta kwa ncha tatu zisizohama. Mkono wake umebeba sindano ndefu. Unaisogeza sindano mpaka iguse, tuseme, ncha ya pua, kisha unakaza skrubu ili ukumbuke kina chake. Unairudisha sindano nyuma, unakihamishia chombo kizima kwenye jiwe, juu ya ncha tatu zilezile. Sindano sasa haifiki, jiwe linaizuia. Unatoboa kidogo, unajaribu. Unatoboa tena, unajaribu tena. Siku sindano inapofika kwenye kituo chake, pua iko hapo. Unatia alama ya penseli, unahamia shavuni. Sanamu ya kimo cha mtu hudai mamia ya alama za namna hiyo, na fundi mwenye wivu na kazi yake hupita elfu. Na jiwe likiwa kubwa kuliko plasta, kama kwa Lincoln, kila kipimo kinakuzwa kwa uwiano mmoja, kwa bikari na fremu zenye timazi.

Nikuambie jinsi kazi hiyo isivyo na huruma. Nilipokuwa mwanafunzi nilikabidhiwa sikio. Sikio moja tu, la kichwa cha mzee ambaye sanamu yake ilikuwa imeagizwa na watu wenye haraka. Nikatoboa milimita mbili kupita alama. Fundi mkuu hakunigombeza. Alichukua penseli, akahesabu kwa utulivu, akasema: "Basi upande huu wote wa kichwa urudi nyuma milimita mbili. Anza." Ilinichukua siku tisa. Tangu hapo nikisikia mtu akisema wachongaji wa mawe walikuwa wanakopi tu, huwa namtazama mikono.

Sasa Lincoln. Ana kimo cha futi 19, karibu mita 5.8, naye ameketi. Ni vipande 28 vya marumaru nyeupe ya Georgia, vimeunganishwa kwa ustadi kiasi kwamba wageni wengi huondoka wakidhani ni jiwe moja. Ndugu Piccirilli walivichonga Bronx, vikasafirishwa kipande kwa kipande, vikapangwa ndani ya jengo la mbunifu Henry Bacon. Jengo lilizinduliwa tarehe 30 Mei 1922. (Siku hiyo mmoja wa wasemaji alikuwa Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee, Mwafrika-Mmarekani, na hotuba yake ilikaguliwa na kupunguzwa makali kabla. Weusi waliokuja kumsikiliza walitengewa sehemu yao ya kukaa. Mbele ya Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa!)

Hao ndugu walikuwa sita, watoto wa Giuseppe Piccirilli, mchonga mawe kutoka Massa, jirani na milima ya Carrara ambako marumaru ni kama samaki kwetu pwani. Walifika New York mwaka 1888. Karakana yao ya Mott Haven ikawa mahali ambapo wachongaji wenye majina makubwa walipeleka plasta zao wakarudi nyumbani kungoja. Simba wawili wa maktaba kuu ya New York, pale Fifth Avenue, waliowekwa mwaka 1911, umbo ni la Edward Clark Potter, marumaru ni mkono wa Piccirilli. Sanamu za juu ya mlango wa soko la hisa la New York, hadithi ni hiyohiyo. Karakana ilifungwa alipofariki Attilio, mmoja wa ndugu hao, mwaka 1945. Jengo halipo tena, ila kipande cha mtaa wako kimepewa jina lao. Mzee wako akikupeleka atakuonyesha kibao.

Unauliza, kwa nini basi jina ni la French. Nianze na kimo. Mwanzoni Lincoln alikusudiwa awe na futi 10 hivi. French alipojaribu picha zilizokuzwa ndani ya jengo aligundua kwamba mtu wa futi 10 katikati ya nguzo zile angeonekana kama mlinzi wa zamu aliyepewa kiti. Akang'ang'ania aongezwe karibu mara mbili. Hakuna fundi wa mawe ambaye angefanya uamuzi huo, na kama angeufanya hakuna ambaye angemlipia. Au mikono: tazama mmoja umekunja ngumi, mwingine umelegea juu ya kiti. French alikuwa na nakala za mikono na uso wa Lincoln zilizochukuliwa kwa plasta mwaka 1860 na mchongaji Leonard Volk: uso kule Chicago, mikono nyumbani kwa Lincoln kule Springfield. Siku ya mikono, Volk alimwomba Lincoln ashike kitu mkononi. Naye akatoka hadi kibanda cha kuni, akarudi anachonga kipande cha mpini wa fagio kwa kisu. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, kwa sababu siku zilizotangulia alikuwa amepeana mikono na watu waliokuja kumpongeza kwa kuteuliwa na chama chake kugombea urais. French alivitazama vitu hivyo kwa miaka, kisha akaamua achukue nini na abadilishe nini. (Watoto wataambiwa mikono ile inaandika A na L kwa lugha ya alama ya viziwi. Hakuna ushahidi. Uvumi una pa kushika tu, maana mwaka 1889 French alitengeneza sanamu ya mwalimu wa viziwi, Gallaudet, akimfundisha msichana herufi A kwa mkono.)

Lakini lililonishawishi zaidi ni suala la taa. Karakana ya French kule Chesterwood, Massachusetts, ilikuwa na reli ndogo sakafuni inayotoka nje kupitia milango mirefu. Akimaliza sehemu, anaisukuma sanamu juani aone itakavyokuwa chini ya anga. Ni mtu aliyejua kwamba sanamu ni kivuli kuliko ilivyo jiwe. Na bado Washington ilimshinda. Lincoln alipokaa mahali pake, mwanga ulimjia kutoka mbele na chini, ukitua sakafuni na kwenye bwawa la nje kisha kupanda usoni. Vivuli vyote vikafutika. Uso uliofinyangwa uwe mzito wa mawazo ukawa bapa, nyusi zimepanda, macho yamekodoka. Lincoln akafanana na mtu aliyesikia nyoka kitandani. French akapiga picha za kulinganisha, akaandika barua, akabishana na maofisa kwa miaka, mpaka taa za kumulika kutoka darini zikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo alikuwa mzee, alifariki mwaka 1931. Mafundi wa Bronx walikuwa wameshahamia kazi nyingine zamani, na ilikuwa haki yao. Aliyebaki kudaiwa sura ya Lincoln alikuwa French. Hiyo ndiyo maana ya jina kwenye msingi wa sanamu, ninavyoielewa mimi: ni mtu wa kudaiwa. Na tusimpunje, tindo aliishika pia, kwenye kumalizia.

Zamani swali lako liliwahi kutumika kama silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1850 huko Roma, Mmarekani Harriet Hosmer alitengeneza sanamu kubwa ya malkia Zenobia. Miaka michache baadaye magazeti ya London yakaandika kwamba si kazi yake, ni ya mafundi wake wa Kiitaliano. Wanaume waliokuwa na karakana kama yake, wenye mafundi kama wake, hakuna aliyewauliza. Hosmer akatishia mahakama, magazeti yakarudi nyuma, na mwaka 1864 akachapisha makala Marekani akieleza hatua kwa hatua jinsi sanamu inavyotengenezwa na nani anafanya nini: udongo wa nani, plasta ya nani, jiwe la nani. Nadhani ni maelezo ya kweli kuliko yote yaliyowahi kuandikwa na mtu wa fani hiyo, maana aliandika akiwa na hasira. Edmonia Lewis, binti wa baba mweusi na mama wa jamii ya Ojibwe, aliyefanya kazi Roma wakati huohuo, alijifunza somo hilo kwa njia nyingine: marumaru zake alizichonga mwenyewe kadiri alivyoweza, asimwachie mtu mwanya wa kusema.

Kwa shaba mambo hubadilika, ila si sana. Hapo plasta haiendi kwa mchonga mawe, inaenda kwa wasubu, mafundi wa kuyeyusha shaba na kuimimina kalibuni. Nikikupa mfano mmoja utanisamehe nikikaa nao kidogo, kwa sababu sijui mwingine unaouma kama huu.

Juu kabisa ya kuba la Bunge la Marekani, mama, amesimama mwanamke wa shaba anayeitwa Uhuru, karibu mita 6. Alifinyangwa Roma na Mmarekani Thomas Crawford. Katika rasimu moja Crawford alimvika kofia ile laini ambayo kwa Warumi ilikuwa alama ya mtumwa aliyeachwa huru. Jefferson Davis, aliyekuwa waziri wa vita na msimamizi wa ujenzi, akaikataa, akijua vizuri ilimaanisha nini. Kofia ikawa chapeo yenye kichwa cha tai na manyoya, na ndiyo maana ukimtazama kwa mbali hujui ni mwanamke gani huyo. Crawford akafariki mwaka 1857, kabla plasta yake haijaondoka Roma.

Plasta ilifika Washington vipande vitano, ikaunganishwa na fundi mmoja wa Kiitaliano ili watu waione. Viungo vikapakwa plasta juu, visionekane. Ulipofika wakati wa kuipeleka kusubiwa, fundi yule akadai aongezwe pesa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua viungo viko wapi. Mwenye kiwanda cha kusubu, Clark Mills, alikuwa na mtumwa aitwaye Philip Reid, ambaye alimnunua Charleston akiwa kijana kwa dola 1,200. Reid akasema hakuna haja ya Mtaliano. Akafunga kamba na kapi kwenye pete ya chuma juu ya kichwa cha sanamu, akavuta taratibu, kidogo sana, kama unavyoinua mfuniko wa sufuria usimwage mvuke. Uzito wa plasta wenyewe ukavuta chini, na ufa mwembamba kama unywele ukajichora pale kiungo kilipo. Wakakata hapo. Wakavuta tena, kiungo cha pili kikajionyesha.

Kisha akafanya kazi ya kutunza moto chini ya kalibu. Kumbukumbu za malipo zipo. Siku sita za wiki ujira wake ulikuwa wa Mills. Jumapili ulikuwa wake, dola 1.25 kwa siku, na Jumapili alizofanya kazi zilikuwa 33. Piga hesabu: dola 41 na senti 25 ndizo Philip Reid alizopokea kwa mkono wake mwenyewe kwa kuitoa sanamu ya Uhuru. Aprili 1862 utumwa ukafutwa Washington, na Mills alipoomba fidia ya serikali aliandika kwamba Reid ni mtu wa akili na fundi mzuri wa kusubu. Tarehe 2 Desemba 1863, kichwa cha Uhuru kilipopandishwa juu ya kuba, Reid alikuwa mtu huru.

Kwa hiyo nikisema jina ni la mwenye kudaiwa, sisemi kwamba kuyaficha mengine ni halali. Ya Piccirilli yalifichwa kwa desturi ya soko. Walilipwa, walitajirika kiasi, wasanii waliwaheshimu. Ya Reid yalifichwa na kitu kingine kabisa. Huko Boston kuna sanamu ya Augustus Saint-Gaudens ya kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi wakiandamana kwa miguu na kamanda wao mweupe Robert Gould Shaw juu ya farasi. Saint-Gaudens aliihangaikia karibu miaka 14 mpaka 1897, akawaita wanaume weusi karakanani akafinyanga vichwa vyao kimoja kimoja, kila mtu na uso wake. Nyuso zilikuwepo, majina hayakuwepo. Ya askari waliokufa kwenye mapigano ya Fort Wagner yaliongezwa nyuma ya mnara mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mount Rushmore, ule mlima uliochongwa nyuso za marais, nitaipitia upesi, maana watoto watauliza. Jina ni la Gutzon Borglum. Watu karibu 400 walifanya kazi kati ya 1927 na 1941, na sehemu kubwa ya mwamba iliondolewa kwa baruti. Njia ya kupimia ilikuwa ileile ya sindano, iliyokuzwa: juu ya kielelezo cha plasta, fimbo inayozunguka yenye timazi; juu ya mlima, fimbo nyingine kubwa na timazi yake, na kila inchi moja ya plasta ni futi moja ya mlima. Mchongaji mkuu kule juu alikuwa Luigi Del Bianco, naye Mtaliano. Familia yake ilihangaika miaka mingi mpaka mwaka 2017 alipotambuliwa rasmi kwa cheo hicho. Kuhusu mlima wenyewe, na Walakota, wenyeji wa asili walioahidiwa kwa mkataba wa 1868 kwamba ni wao, niandikie swali jingine.

Jumamosi ukipata nafasi, chukua treni namba 6 na watoto mpaka Grand Central, tembeeni hadi kwa wale simba wa maktaba. Kutoka hapo rudini Grand Central mpande namba 4 au 5 mpaka Bowling Green. Mbele ya jumba la zamani la forodha mtakuta wanawake wanne wakubwa wa marumaru wameketi: Asia, Amerika, Ulaya na Afrika. French alifinyanga, Piccirilli wakachonga, mwaka 1907. Amerika yuko macho, anakaribia kuinuka kitini, mwenge mkononi. Afrika amelala. Kichwa kimeinama, macho yamefumba, mkono mmoja juu ya simba, mwingine juu ya sanamu ya Kimisri.

Msogelee. Angalia manyoya ya simba na zile kope zilizofungwa, uone mafundi wa mtaani kwako walivyokuwa hodari. Mwanao mkubwa atakuuliza kwa nini huyu wetu amelala. Hapo usimtafute Piccirilli, wao walifuata sindano. Mwambie akamuulize French.